Ligi ya wanaume na wanawake: kibali kwanza, mdhamini baadaye

Ndugu, umeuliza kama ligi ya kikanda ya soka ya nusu kulipwa, ya wanaume na wanawake, inaweza kuanzishwa kwa pamoja. Inawezekana, lakini kabla ya kumtafuta mdhamini omba kibali cha shirikisho la soka, kwa kuwa FIFA inataka kila ligi iwe chini ya shirikisho mwanachama. Zingatia pia kwamba kanuni za FIFA hazina daraja la "nusu kulipwa": mchezaji mwenye mkataba wa maandishi, anayelipwa zaidi ya gharama za uchezaji wake, ni wa kulipwa, na wengine wote ni wa ridhaa, hivyo posho unayoiona ndogo inaweza kubadili hadhi ya mchezaji.

Anza na timu 8 za wanaume na 8 za wanawake. Nyumbani na ugenini hizo ni mechi 56 kwa kila ligi, ilhali timu 12 huzaa mechi 132, na nauli pamoja na malipo ya waamuzi hupanda vivyo hivyo. Klabu moja ikiwa na timu zote mbili, zicheze siku moja uwanja mmoja, gari la wagonjwa likihudumia mechi zote mbili, ila wanawake wasipangiwe saa ya jua kali kila wiki, kosa ambalo waandaaji hulirudia mno.