Kwani C imekukosea nini?

Mkuu hapo umewaonea, kusema wanaong'ang'ania C, hii lugha ya kuandikia programu, wanaogopa tu kujifunza vitu vipya. C ipo tangu 1972 na kerneli ya Linux, yaani kiini cha huo mfumo endeshi wa kompyuta, imejaa C mpaka kesho, sasa mamilioni ya mistari hiyo nani aanze kuiandika upya? Ila na hao wa C au kifo nao wanazingua, maana Rust, lugha mpya zaidi, imeshaingia humohumo kwenye kerneli toka toleo la 6.1, Desemba 2022, na sababu inaeleweka: kwenye C ukishaita free(), yaani kuachia kipande cha memory, halafu ukaigusa tena ile pointa iliyokuwa inakielekeza, kompaila (programu inayogeuza msimbo uwe programu ya kuendeshwa) mara nyingi inakuacha tu upite, programu inakuja kulipuka mbele ya safari au mjanja anaigeuza kuwa mlango wake, Rust inakugomea hapohapo kabla hujaendesha chochote. Inakera siku za mwanzo, hilo sibishi. Mfumo mpya kabisa ningeandika kwa Rust, ule unaotembea siugusi. Halafu wewe wa Python, hiyo linalg.eig ya NumPy (maktaba ya hesabu ya Python) unayojidai nayo kutafutia eigenvalue za matriki inaita LAPACK, maktaba ya zamani ya hesabu za matriki, nayo imeandikwa kwa Fortran, lugha ya 1957 bana 😂