Mume anataka tuuze gari la nyumbani anunue Datsun ya 1972

Shikamoo, shangazi. Mume wangu amepata Datsun 240Z ya mwaka 1972 kwa mzee mmoja hapa Mombasa, na sasa anataka tuuze Toyota Axio yetu ya 2015, ya lita 1.5, ili ailipie. Tuna watoto wawili wa shule ya msingi. Nikipinga, ananuna na kusema sijui thamani ya gari. Nifanyeje?

Marahaba, mwanangu. Thamani gari hilo linayo, na hapo mumeo hajakosea. 240Z ndiyo iliyoshinda mbio za magari za Safari Rally mwaka 1971, Edgar Herrmann akiwa kwenye usukani, na 1973 ikarudia na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Aliyekulia hadithi za Safari akiona boneti ile ndefu na kusikia mngurumo wa silinda sita, moyo humwenda mbio. Usimcheke, wala usiliite chuma chakavu mbele ya watu.

Lakini 240Z ina viti viwili tu. Viwili! Nyuma yake ni mahali pa mizigo. Asubuhi ya shule wanao wataketi wapi? Hapo ndipo ninapokataa kabisa, na ningekataa hata kama mzee angelitoa bure. Halina mifuko ya hewa wala breki za ABS, zile zinazozuia magurudumu yasikwame ukifunga breki ghafla, na Axio yenu ina vyote. Injini ya lita 2.4 yenye kabureta mbili, vile vifaa vinavyochanganya mafuta na hewa, itakula mafuta, na kabureta hizo zikiachana, si kila fundi wa siku hizi anayeweza kuzilinganisha. Tena 240Z zinajulikana kwa kuliwa na kutu sakafuni, nanyi mnaishi kando ya bahari.

Kwa hiyo usimwambie hutaki Datsun. Mwambie Axio haiuzwi. Kisha mwende pamoja kwa huyo mzee na fundi mnayemwamini, gari liinuliwe, akague chini kwa bisibisi kutafuta kutu, rangi inayong'aa isiwahadae. Likiwa zima, mzee aombwe alipwe polepole, kwa akiba ya mumeo, karo isiguswe. Likiwa limeoza, mumeo atajionea mwenyewe, na hutakuwa wewe uliyemkataza.

Kule kununa, kuzungumzieni watoto wakishalala. Muulize alianza lini kulipenda gari hili, umsikilize mpaka amalize, ndipo umtajie vile viti.