Google Scholar yanipa 9, Scopus 4: niandike ipi?

SWALI: Mimi ni mhadhiri wa Kiswahili, najaza fomu ya kupandishwa cheo. Fomu inataka kipimo cha h. Google Scholar inanipa 9, Scopus inanipa 4. Niandike ipi? Na je, maktaba ya chuo inaweza kunisaidia?

JIBU: Mwalimu, andika zote mbili, na kando ya kila namba utaje chanzo na tarehe uliyoitazama. Hakuna iliyokosea. Kipimo cha h cha 4 maana yake una makala nne ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara nne. Ndivyo Jorge Hirsch alivyokipanga kipimo hiki mwaka 2005. Tofauti iko kwenye kapu. Scopus, hifadhidata ya machapisho ya kitaaluma, huhesabu yale iliyoyachagua yenyewe, na majarida mengi ya Kiswahili hayamo. Google Scholar, mtambo wa Google wa kutafuta kazi za kitaaluma, huokota hata tasnifu na ripoti, na mara nyingine hukubambikia kazi ya mtu mwingine. Ipitie na uziondoe zisizo zako.

Ila kabla hujajaza, nenda maktaba na orodha kamili ya machapisho yako. Sisi wakutubi huanza na majina. Wengi wetu tuna jina letu, la baba na la babu. Jarida moja likichukua la baba kuwa ukoo, jingine likachukua la babu, Scopus inaona watu wawili. Nilikaa na mhadhiri mmoja mwenye wasifu mbili za namna hiyo. Ya kwanza ilikuwa na makala nne, zimenukuliwa mara 12, 9, 7 na 6: h yake 4. Ya pili makala tatu, mara 8, 6 na 6: h yake 3. Tuliomba ziunganishwe, akapata 6, bila nukuu hata moja kuongezeka! Maombi hayo ni bure. Jisajili pia ORCID, daftari la namba za utambulisho za watafiti, nayo ni bure. Namba yake ya tarakimu 16 itakutambulisha hata majarida yakiandika jina lako vyovyote.

Kuhusu makala zako za Kiswahili, mwombe mkutubi azitafute kwa mkono, kichwa kimoja kimoja, kwenye hazina za tasnifu za vyuo, akutolee orodha ya kazi zilizozinukuu. Iambatanishe na fomu. Mimi naithamini orodha hiyo kuliko kipimo chenyewe, kwa sababu inaonyesha nani amejenga juu ya hoja yako.

Usingoje wiki ya mwisho. Marekebisho ya Scopus hayafanyiki siku hiyohiyo, na kazi ya mkono nayo inataka muda.