Kuni za mama Kilosa na gunia langu la Mbagala

Mkuu, umeuliza nani anaiumiza ardhi zaidi: kaya ya kijijini inayopikia mafiga matatu, au sisi wa mjini ambao moshi wetu hauonekani. Nimekulia kijijini Kilosa, sasa naishi Mbagala, Dar es Salaam, na jambo hili nimelipima mwenyewe kwa kuwa lilikuwa linanikereketa.

Mwaka juzi nilikaa kwa mama mwezi mzima. Niliazima mizani ya kupimia mahindi, kila mzigo wa kuni ukifika naupima. Mingi ilikuwa kama kilo 20, mizigo mitatu kwa wiki. Kwa mwezi ni karibu kilo 250, na wanaokula pale ni watu saba. Nyingi ni kuni za kuokota, matawi yaliyokauka na kuanguka yenyewe.

Kwangu tuko wanne, na wakati huo tulikuwa tunamaliza gunia la mkaa la kilo 50 kwa mwezi. Ukilinganisha kilo 50 na 250 utasema wa mjini ana nafuu. Hapo ndipo wengi tunapokosea.

Binamu yangu anachoma mkaa. Alinipeleka kwenye tanuri lake: magogo mabichi ya miombo yamepangwa, yamefunikwa majani kisha udongo. Analala hapohapo, usiku anaamka kuziba nyufa, maana hewa ikipenya mkaa wote unageuka majivu. Kwa tanuri la udongo, kilo moja ya mkaa hula kilo 5 hadi 10 za mti. Kwa hiyo gunia langu moja ni kilo 250 hadi 500 za mti. Hata ukishika hesabu ya chini, kila mtu wa nyumbani kwangu alikuwa anakula karibu mara mbili ya mtu wa kwa mama, na ni miti iliyokatwa ikiwa hai. Nilimuuliza binamu mkaa wote ule anampelekea nani. Akasema, "Ninyi."

Kijiji nacho kina makosa yake. Watu wanachoma mashamba kabla ya mvua, moto unaingia msituni, na hilo linaniuma sana. Mjini nako daladala moja inabeba watu wengi kwa mafuta kidogo. Lakini tazama hata maganda ya ndizi: kwa mama yanaliwa na mbuzi, kwangu yanaingia kwenye kiroba na kwenda dampo la Pugu, yanafukiwa na taka nyingine, yanaoza bila hewa na kutoa methani, gesi inayoongeza joto la dunia.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa 2024 hadi 2034, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi. Naamini msukumo uanzie mijini, kwa kuwa miti inayokatwa kule inakuja huku.

Sisi tumehamia gesi, mkaa umebaki wa maharage na makande, na maharage tunayaloweka usiku kucha. Gunia sasa linakaa miezi mitatu. Ukitaka kupima kwako, andika ukutani tarehe unayofungua gunia na tarehe linapoisha, kisha hesabu vichwa vilivyokula.