Mfano wa figo huanzia kwenye picha, si kwenye printa

Anayetaka kutengeneza mfano wa kiungo cha mwili kutokana na picha za CT, yaani eksirei zinazoonyesha mwili kipande kwa kipande, kwa kawaida huniuliza kwanza anunue printa gani ya 3D, ile inayojenga vitu kwa plastiki. Huwa namjibu kwamba printa isubiri, kwa kuwa ubora wa mfano huamuliwa mgonjwa akiwa bado amelala kwenye mashine. Picha za vipande vyenye unene wa milimita 5 zaweza kumfaa daktari anayezisoma kwenye skrini, lakini ukizichapa utapata figo yenye ngazi ngazi, na ateri zake ndogo, mishipa inayoiletea damu, zitakuwa zimepotea. Mwombe mapema mtaalamu wa radiolojia akuhifadhie vipande vya milimita 1 au pungufu, kwani vyembamba mara nyingi hufutwa ili kuokoa nafasi. Mwombe pia aondoe jina la mgonjwa, ambalo limo ndani ya faili za DICOM (muundo ambao picha za hospitali huhifadhiwa) hata lisipoonekana kwenye picha.

Kazi inayokula muda ni kukitenganisha kiungo na majirani zake. Mimi hutumia 3D Slicer, programu ya bure, ambayo huweza kuchagua sehemu kwa kufuata mng'ao wake. Taabu ni kwamba dawa ya kontrasti, inayodungwa ili mishipa ya damu ing'ae kwenye picha, inapojaa kwenye aota, ateri kuu ya mwili, mng'ao wake hukaribiana na wa mfupa, hivyo aota na uti wa mgongo hutokea vimegandana. Hapo hakuna njia ya mkato: futa kwa mkono, kipande baada ya kipande, ukianzia pale ambapo mafuta yaliyo kati yao yanaonekana kama mstari mweusi. Uvimbe, ambao mpaka wake na figo mara nyingi hufifia, usiuchore bila daktari kuwa pembeni yako.

Uchapaji wenyewe hauna mengi, na plastiki ya PLA yatosha. Ateri nyembamba sana huvunjika unapoondoa nguzo za kuegemeza, ambazo printa hujenga chini ya sehemu zinazoning'inia. Mimi huzinenepesha, ila humwambia daktari wa upasuaji ni zipi, asije akapanga kazi yake kwa unene nilioubuni mimi. Kisha pima mfano kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene, ulinganishe na picha, na uhakikishe kwamba kushoto hakujageuka kulia. PLA hulegea kwenye joto la takriban nyuzi 60, kwa hiyo mfano usiingizwe kwenye mashine ya kutakasia vifaa kwa mvuke, ambayo hufika nyuzi 121. Ukihitajika karibu na meza ya upasuaji, ufungwe ndani ya mfuko angavu uliotakaswa.