Mnaoanza kusoma SEEG, fungueni video kwanza

SEEG ni kupenyeza elektrodi ndani ya ubongo wa mgonjwa wa kifafa, kunasa mawimbi ya umeme huku video ikimrekodi, ili kujua kifafa kinaanzia wapi. Juzi tena daktari mwanafunzi kafungua rekodi, macho moja kwa moja kwenye mawimbi ya hipokampasi, sehemu ya ubongo ya kumbukumbu: "Chanzo hiki hapa." Video hakuigusa. Wadogo zangu, nawapenda, lakini kwa hili nakosa subira, maana najua linaishia wapi.

1. Tafuta dalili ya kwanza kwenye video, andika sekunde yake, ndipo utazame mawimbi. Mimi sikufanya hivyo. Alikuwa binti ambaye dawa zilishindwa kumtuliza, picha ya MRI ya ubongo wake haionyeshi kitu. Tulimwekea elektrodi 12. Kila kifafa kilipomshika, hipokampasi ya kulia iliwaka waziwazi, nami nikatetea kwenye kikao cha kuamua upasuaji kwamba chanzo ni hapo. Akapasuliwa. Mwezi wa tatu baada ya upasuaji, kifafa kikamrudia.

Usiku ule nilikaa peke yangu na video zake. Sekunde sita kabla ya wimbi la kwanza, mkono wake ulikuwa tayari shingoni. Kifafa cha kwanza, cha pili, vyote. Na siku anayolazwa alituambia, "Huanza kwa koo kunibana." Nikaandika: wasiwasi. Koo kubana, ganzi kuzunguka mdomo, hapo ilibidi niiwaze insula, sehemu ya ubongo iliyojificha ndani, na huko hatukupeleka elektrodi hata moja. Dalili ikitangulia umeme, elektrodi zako haziko kwenye chanzo. Zimekaa njiani kifafa kinapopita. Nilikwenda kumweleza mwenyewe. Akaniuliza, "Si niliwaambia?" Nikasema ndiyo, ulituambia.

2. Elektrodi ina unene wa milimita 0.8 hivi na haioni mbali. Ndiyo maana Bancaud na Talairach, madaktari walioianzisha njia hii hospitali ya Sainte-Anne, Paris, walianza na dalili za mgonjwa, kisha wakapanga pa kutoboa.

3. Kengele ya kifafa ikilia, kimbia ukamsemeshe mgonjwa: jina lako nani, inua mkono, hiki nini? Mpe na neno la kukumbuka. Muuguzi wetu wa usiku hutoa "embe" kila mara, na wapo wagonjwa wanaozinduka wakiomba embe kweli. Anawaletea.

4. Kabla ya kuchochea ubongo kwa umeme wa hezi 50 kupitia elektrodi, dawa ya dharura ya kuzima kifafa iwe mkononi.

5. Maneno ya mgonjwa yaandike kama alivyoyasema. Yule binti alikubali kuwekewa elektrodi mara ya pili, tatu kati yake zikapita insula. Kikaoni, kabla ya kuonyesha wimbi lolote, nilisoma sentensi yake ya koo.