Kujaribu pikapu mpya ya gitaa bila kulehemu kila mara

Kama shida yako ni kulehemu upya kila unapobadilisha pikapu (kifaa kinachonasa sauti ya nyuzi za gitaa la umeme), lehemu mara moja tu. Nunua konekta ndogo ya skrubu, njia 3 kwa kila hambaka (pikapu ya koili mbili). Toka kwenye poti ya volyumu (kidhibiti cha sauti) na waya mbili, moja ya sauti na moja ya ethi (ardhi), uzifunge upande mmoja. Pikapu inaingia upande wa pili kwa bisibisi; njia ya tatu ni ya kuunganisha koili zake mbili.

Wengi hukosea kwenye rangi. Kwa pikapu za kampuni ya Seymour Duncan, nyeusi ni sauti, nyekundu na nyeupe huungana, kijani na waya mtupu ni ethi. Kwa DiMarzio, nyekundu ni sauti, nyeusi na nyeupe huungana, ethi ni ileile. Ukiwasha pikapu zote mbili besi ikapotea, fezi (mwelekeo wa mawimbi ya sauti) zinapingana: badilishanisha waya wa sauti na wa kijani kwenye moja, ila waya mtupu ubaki ethi daima.

Ncha nyembamba za waya zikunje mara mbili, usizipake risasi ya kulehemu, maana zikipakwa hulegea chini ya skrubu. Kisha zungushia konekta tepu. Skrubu ya sauti ikigusa foili ya kukinga kelele iliyo ndani ya gitaa, gitaa linanyamaza.